Mindu: Bwawa Linalozeeka Kando ya Barabara Kuu

Abiria anayepanda basi Nanyala alfajiri kwenda Morogoro ana kutwa nzima ya kuitazama nchi. Mashamba ya kahawa ya Mbozi yanabaki nyuma, gari linateremka kuelekea Songwe na Mbalizi, kisha Mbeya mjini. Baada ya hapo huja tambarare ya Usangu pale Chimala na Igawa, baridi ya Makambako, misitu ya Mafinga, na Iringa juu ya kilima chake. Dereva huteremka Kitonga kwa tahadhari, na huko chini, Ruaha Mbuyuni, vitunguu huning'inizwa dirishani hata kabla basi halijasimama vizuri. Mikumi abiria wote huamka, maana kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kumwona tembo au twiga. Wanyama wakiisha, watu hulala tena. Safari ni ya zaidi ya kilometa 600, na mwili umechoka.

Usingizi huo ndio unaowanyima wengi kitu cha kutazama. Kilometa chache kabla ya kuingia Morogoro, mkono wa kulia, hutokea maji mapana yaliyotulia, na nyuma yake safu ya milima ya Uluguru iliyofunikwa na mawingu. Wavuvi wako ndani ya mitumbwi, na ndege weupe wamesimama kwenye kina kifupi. Mgeni hudhani ni ziwa. Sivyo. Hilo ni bwawa la Mindu, lililotengenezwa kwa mikono ya watu, nalo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya maji ya mji wa Morogoro.

Nimeona vema tulizungumzie bwawa hili katika ukurasa wetu wa safari, msomaji mpendwa, kwa sababu linatufundisha jambo ambalo sisi akina mama wa Nanyala, wa Mlowo na wa Tunduma, tunaojua uzito wa ndoo kichwani, tunapaswa kulifahamu. Maji hayaanzii bombani. Yana nyumba yake, na nyumba hiyo nayo huzeeka.

MJI ULIPOIZIDI MITO YAKE

Zamani Morogoro haikuhitaji bwawa. Mji umekaa miguuni pa Uluguru, na vijito vinavyoteremka mlimani vilitosha kuunywesha. Lakini katika miaka ya 1970 serikali ilikusudia kuufanya Morogoro uwe mji wa viwanda. Vilijengwa viwanda vya viatu, vya ngozi, vya magunia na vya maturubai, na kiwanda hunywa maji kuliko kijiji. Wafanyakazi walikuja na familia zao. Kiangazi vijito vilipopungua, mji ulibaki na kiu.

Ndipo likaja wazo la kuuzuia mto Ngerengere mahali unapopita karibu na mlima Mindu. Kazi ilianza mwaka 1978 na ikakamilika katikati ya miaka ya 1980. Mbali na Ngerengere, bwawa hupokea maji ya mito midogo ya Mzinga, Lukulunge, Mlali na Mgera, yote ikitoka pande za milima. Yakitoka bwawani, maji ya Ngerengere huendelea na safari mpaka kuungana na mto Ruvu, na kwa Ruvu yanafika Bahari ya Hindi.

Viwanda vingi vilivyotarajiwa kunywa maji hayo vilidhoofika, na baadhi vikafungwa kabisa katika miaka ya 1980 na 1990. Watu, hata hivyo, hawakupungua. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta Manispaa ya Morogoro ina wakazi zaidi ya 227,000. Mwaka 2012 walikuwa zaidi ya 315,000, na mwaka 2022 walizidi 470,000. Yaani katika miaka 20 mji umeongezeka zaidi ya mara mbili, huku bwawa likiwa ni lile lile.

Si kwamba hakuna lililofanyika. Kati ya mwaka 2008 na 2013, kwa msaada wa serikali ya Marekani, mitambo ya kusafisha maji ya Mafiga na Mambogo ilijengwa na kuboreshwa. Mafiga husafisha maji ya Mindu, na Mambogo hutumia maji yatokayo mlimani. Lakini mtambo, hata uwe mpya namna gani, husafisha kile tu ulicholetewa.

UKUTA WA UDONGO

Ukisikia neno bwawa, huenda akilini mwako unaona ukuta mrefu wa zege kama wa Mtera. Mindu si hivyo. Kinachozuia maji pale ni tuta la udongo ulioshindiliwa, lililofunikwa kwa mawe upande unaopigwa na mawimbi. Mabwawa mengi ya miji midogo na ya vijijini, pamoja na malambo ya mifugo, yamejengwa hivyo hivyo, kwa sababu udongo unapatikana pale pale na gharama yake ni nafuu.

Tuta la udongo likijengwa vizuri na kutunzwa hudumu miaka mingi sana. Ila lina adui wawili. Adui wa kwanza ni maji kupita juu yake. Udongo hauvumilii kufurikiwa: maji yakishapata kijia juu ya tuta, hulila kama mtu anavyokata mkate, na baada ya muda mfupi hakuna tuta tena. Kwa ajili hiyo kila bwawa huwekewa utoro, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi wakati wa masika. Utoro ukizibwa na magogo, magugu au takataka, bwawa zima liko hatarini.

Adui wa pili hupita ndani. Ni yale maji yanayojipenyeza polepole kwenye mwili wa tuta, yakifuata shimo la panya, mzizi wa mti uliooza, au kichuguu. Kila tuta huvuja kidogo, na hilo si ajabu. Cha kuogopa ni maji yanayotoka yakiwa na rangi ya tope, kwa kuwa tope hilo ni tuta lenyewe linalobebwa kutoka ndani. Ndiyo maana mlinzi wa bwawa hukata miti michanga inayoota juu ya tuta, huzuia ng'ombe wasichimbe njia, na hutembea kila mara upande wa chini akitafuta mahali palipolowa pasipostahili. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa. Hakuna anayempongeza mlinzi kwa sababu bwawa halikupasuka.

Pale kazi hiyo inapopuuzwa, msiba hauchelewi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la shamba lilipasuka baada ya mvua kubwa, likazoa nyumba za watu waliokuwa ndani. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Septemba 2023, katika mji wa Derna nchini Libya, mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 yalipasuka usiku mmoja wakati wa tufani, na maelfu ya watu wakapotea. Sitaji haya ili kumtisha mtu wa Morogoro. Nayataja kwa sababu wahenga walikwisha sema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa bwawa, aghalabu huachiwi nafasi ya kuujenga ukuta huo.

SUFURIA YENYE UKOKO

Kwa Mindu, hata hivyo, shida inayoonekana kila mwaka ni nyingine, nayo haina kishindo. Ni tope.

Kila mvua inaponyesha mlimani, maji huteremka yakiwa na udongo. Yakiwa mtoni hukimbia, kwa hiyo udongo hauwezi kutua. Yakifika bwawani hupunguza mwendo, na udongo unazama chini. Mwaka kwa mwaka tabaka linaongezeka. Haba na haba hujaza kibaba, nasi husema hivyo tukisifu uwekaji wa akiba, lakini tope nalo linaifuata methali hiyo hiyo.

Bwawa lilipojengwa liliweza kuweka mita za ujazo milioni 20 hivi. Sasa hutajwa kuwa linaweka kama milioni 13. Tuyapime kwa kipimo chetu. Mita moja ya ujazo ni ndoo 50 za lita 20. Nafasi ya mita milioni 7 iliyopotea ni sawa na ndoo milioni 350. Familia inayotumia ndoo sita kwa siku hutumia ndoo 2,190 kwa mwaka. Basi nafasi iliyoliwa na tope ingetosha kuweka maji ya zaidi ya familia 150,000 kwa mwaka mmoja.

Mama yeyote aliyewahi kupika ugali anaelewa. Sufuria ikiachwa na ukoko wa jana, na wa juzi, na wa juma lililopita, kwa nje inaonekana ni ile ile, lakini chakula kinachoingia ni kidogo. Tofauti ni kwamba ukoko wa sufuria unalowekwa na kukwanguliwa. Kukwangua bwawa lenye ukubwa wa Mindu ni gharama kubwa mno, na kisha lazima utafute mahali pa kulitupa tope lote hilo. Kwa sababu hiyo mpango uliotajwa zaidi ni wa kuliinua tuta kwa mita 2.5, kwa mkopo kutoka Ufaransa, ili maji yapate nafasi mpya juu badala ya ile iliyopotea chini. Ni hatua njema. Lakini sufuria ndefu zaidi, kama ukoko hauzuiwi, nayo itajaa.

Tope haliji peke yake. Huja na mbolea na dawa za kunyunyizia mashamba. Mbolea ikifika bwawani haijui kwamba imekosea njia; hustawisha mimea ya majini na ule ukijani unaoelea juu. Maji hayo yanahitaji shabu nyingi zaidi ili takataka zishikamane na kuzama, na klorini nyingi zaidi ili vijidudu vife. Kila kilo ya dawa inanunuliwa, na mwisho wa yote gharama humfuata anayelipa ankara.

MAMA WA MLIMANI NA MAMA WA MJINI

Tope hilo hutoka wapi? Ukiacha barabara kuu pale Sangasanga na kufuata njia ya Mzumbe, ambako kuna Chuo Kikuu, na kuendelea mpaka Mlali, utaliona lilipoanzia. Ni nchi nzuri ya kupendeza. Kuna nyanya, kabichi, bamia, mahindi mabichi, na mifereji midogo inayoingiza maji shambani. Mboga nyingi zinazouzwa masokoni Morogoro hutoka pande hizi na milimani. Kando ya mito utakuta pia tanuri za matofali na mashimo ya kuchimba mchanga, kwa sababu mji unaokua unajenga kila siku.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Ni sheria nzuri. Lakini tujiweke mahali pa mama anayelima bustani ukingoni mwa mto. Ardhi iliyo juu ni kavu. Pale ukingoni anamwagilia kwa ndoo bila kununua mashine, na kiangazi, bei ya nyanya inapopanda, ndipo anapopata karo na sare za watoto. Ukimwambia arudi nyuma mita 60, kwake ni sawa na kumwambia mtoto arudi nyumbani. Na huko mjini yuko mama mwingine, ambaye bomba limekauka siku ya tatu, ananunua dumu kwa bei ya muuzaji, na mtoto wake anaharisha. Wanawake hawa wawili hawajuani. Mmoja anakula nyanya za mwenzake, na mwingine anaishi kwa fedha za mwenzake. Wote ni wema, na wote wanaumia. Anayetaka kuliokoa bwawa kwa kumlaumu mmoja wao atakuwa hajaelewa.

Kati ya Waluguru liko jambo moja la kutupa moyo. Kwa desturi yao ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo hurithiwa kwa upande huo. Mwanamke wa Kiluguru si mgeni katika shamba lake. Kwa hiyo yeyote anayetaka miti ipandwe au makinga maji yachimbwe mlimani, na asiketi kwanza na wanawake, ameanza kazi kwa mlango usio wake.

SOMO LA MWAKA 1955

Jambo hili si geni. Serikali ya kikoloni nayo iliona udongo wa Uluguru ukiteremka, ikaanzisha mpango wa kuhifadhi ardhi. Watu waliamriwa kukata ngazi kwenye miteremko ya mashamba. Kazi ilikuwa nzito na ya lazima, na mahali pengi udongo mzuri wa juu ulifukiwa ukabaki ule usiozaa. Wakulima walifanya kazi zaidi na kuvuna kidogo. Mwaka 1955 hasira zilipanda, watu wakakusanyika kupinga, ghasia zikatokea na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa, na kwa muda mrefu neno la kuhifadhi udongo likawa na harufu ya shuruti masikioni mwa wazee.

Miaka zaidi ya 50 baadaye, katika milima hiyo hiyo, upande wa Kibungo unaonywesha mto Ruvu, lilijaribiwa jambo tofauti. Mashirika ya CARE na WWF yaliwakutanisha wakulima wa juu na watumiaji wa maji wa chini, wakiwamo shirika la maji la Dar es Salaam na kiwanda cha vinywaji baridi. Mkulima aliyekubali kukata ngazi, kupanda miti na nyasi za kushika udongo, alilipwa kwa kazi hiyo, kwa sababu wa chini walikuwa wananufaika nayo. Malipo hayakuwa makubwa, na mpango wa namna hiyo hauwezi kutatua kila kitu. Lakini ngazi zilizokataliwa na babu zikachimbwa na wajukuu. Udongo ni ule ule, mteremko ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mtu aliulizwa, akaelezwa, na akaona faida nyumbani mwake.

Nafikiri dawa ya Mindu iko hapo. Mtaalamu wa mitambo ataliinua tuta, naye tunamhitaji. Lakini umri wa bwawa utaamuliwa na jembe lililoko Mlali, kama litalima kukata mteremko au kuufuata. Na jembe hilo litafuata njia nzuri siku ambayo mji utakubali kwamba nyanya ya kiangazi na maji ya bombani ni hesabu moja, na kwamba anayeulinda mto anastahili kusaidiwa kupata shamba lingine, pampu ndogo, au miche ya matunda inayoshika udongo huku ikileta fedha.

SISI WA NANYALA JE?

Huenda msomaji atauliza, Mindu iko mbali, inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Miji yetu ya Tunduma, Vwawa na Mlowo inakua kwa haraka kama Morogoro ilivyokua. Nasi tunatoka kwenye vijito na visima tukielekea kwenye matangi na mabwawa. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, na wananchi wanashiriki kupitia vyombo vya watumiaji maji vya jamii. Akina mama tumo ndani ya vyombo hivyo, na tusikae kimya kama wapambe wa mkutano. Mkutano ujao wa maji utakapoitishwa, yako maswali ya kuuliza ambayo hayahitaji elimu ya chuo:

Chanzo chetu cha maji kiko wapi hasa, na nani analima juu yake? Je, watu hao wamewahi kukaribishwa kwenye kikao chetu?

Kama tuna bwawa au lambo, nani hulitembelea tuta lake, na mara ngapi? Mara ya mwisho miti na vichuguu viliondolewa lini? Utoro uko wazi kabla ya masika?

Katika fedha tunazolipa kwa ndoo, kiasi gani kinawekwa kwa matengenezo? Mradi usio na akiba ya matengenezo ni kama mtoto aliyezaliwa bila nepi hata moja nyumbani.

Nyumbani nako yapo ya kufanya. Paa la bati lenye mfereji na pipa safi lenye mfuniko hukusanya maji mengi katika masika yetu. Maji yenye tope yaache yatulie usiku kucha, au yatakase kwa unga wa mbegu za mlonge kama wengi wetu tulivyofundishwa na mama zetu, kisha yachemshe, maana maji meupe si lazima yawe salama. Shamba la mteremko lilimwe kwa kukingama, na mpakani pandwe nyasi za malisho. Zitashika udongo na kulisha ng'ombe kwa wakati mmoja. Na watoto tuwafundishe kwamba maji yana kwao, ili siku moja wakikaa upande wa kulia wa basi, wakaona lile ziwa lisilo ziwa chini ya Uluguru, wajue ni nini wanachokitazama.

Bwawa halina sauti. Haliwezi kuandika barua wala kuja mkutanoni kulalamika kwamba limejaa tope. Linategemea wanaokunywa humo walisemee, na walisemee wakati bado kuna maji.